Bomba la Kumi na Saba

Upepo wa Dodoma ni mwizi wa gesi.
Ukiacha mlango wa karakana wazi hata upana wa kiganja
unaingia, unaipeperusha agoni juu ya mshono,
na chuma kinageuka rangi ya figo.
Kwa hiyo tunafunga. Kizota, mwezi wa tisa, saa nane mchana,
mabati yanalia kama mtu anayetafuna bisi,
nasi ndani, tumefungiwa na jasho letu,
tunatengeneza mabomba ya kupitishia mvinyo.

Karatasi ya oda imebandikwa ukutani kwa uji:
mshono wa urefu, ukingo kwa ukingo,
bila waya wa kujazia.
Nimeisoma kuliko barua yoyote niliyowahi kuandikiwa.
Bati la stenlesi linakunjwa kwa rola
hadi midomo yake ikutane,
kisha moto peke yake ndio unaosema.
Kila upande unayeyuka kidogo, unampa mwenzake,
na bomba linashikwa na mwili wake lenyewe.

Kumi na sita yalitoka salama.
La kumi na saba, mkasi wa mashine ulikuwa butu,
ukala ukingo. Pengo: unene wa kucha.
Lori la kwenda Mpunguzi lingekuja alfajiri,
Chilongani alikwisha kutazama saa mara tatu,
na kwenye kopo la maziwa, karibu na goti langu,
zilisimama fito za waya, nyembamba, zinang'aa
kama majibu ya mtihani.

Nilichukua moja.

Nikiri: ulikuwa mshono mzuri kuliko yote.
Magamba madogo, yamepangana kama ya perege wa Hombolo.
Pengo lilishiba, likanyamaza.
Nikasugua kwa brashi, nikapaka tindikali, nikasuuza,
nikaandika 17 kwa mkono usiotetemeka.

Sechelela alikuja na tochi na kioo cha daktari wa meno.
Lakini yeye haamini macho;
huvua glovu, hupitisha kidole gumba juu ya mshono
taratibu, kama anayetafuta mchanga kwenye mtama.
Kumi na sita aliyapita bila kusimama.
Kwenye la kumi na saba kidole kikasita, kikarudi.
"Mbukwa," akaliambia bomba, si mimi.
Kisha kwangu: "Huyu amekula nini?"

Nikataja waya na namba yake. Nikataja pengo.
Nikasema ni wa ukoo uleule, tena ghali zaidi.
Nikasema mvinyo hautajua.

"Huenda hautajua. Na waya si haramu, Ndahani.
Kesho ukiunga bomba na bomba kule kiwandani kwao
utautumia, nami nitaandika aina yake.
Bomba likiumwa tunalitibu kwa waya, tunaandika.
Lakini hapa ndipo linapozaliwa.
Muhuri nitakaogonga unasema hakuna mgeni ndani.
Nyundo yangu iseme uongo kwa ajili yako?"

Chilongani alianza kuhesabu hasara kwa vidole,
vidole vikamwishia.

Usiku ule nilimkumbuka mama mnadani Msalato,
na kibuyu alichokishona kwa ukambaa palipopasuka.
Kila mnunuzi alimgeuzia upande wenye ushono kwanza,
kabla hajauliza bei.
Nilikuwa mtoto; nilimwona mjinga wa biashara.

Lori liliondoka na kumi na sita.
La kumi na saba Sechelela aliliandika kwa chaki: LIMEJAZWA,
akalisukuma kwa mguu hadi ukutani.
Sasa ndilo komeo la mlango wa karakana.
Upepo unakuja, unalipiga bega, unarudi Chang'ombe.

Chaki hufutika. Kila mwisho wa mwezi
naandika neno lile upya,
na hakuna aliyeniagiza.